Kabati Lisilo na Msumari

Mama alilipwa kabati.
Miaka kumi na tisa ya pasi na sakafu,
ya kumpikia Bi. Fang uji wa mchele usio sukari wala chumvi,
na siku ya kuondoka, kule Kilimani, masanduku yakiwa mlangoni,
kiinua mgongo kikawa hiki:
milango miwili, miguu minne,
na uzito wa ng'ombe aliyekataa kuvuka mto.

Lilipita Haile Selassie juu ya mkokoteni,
wasukumaji watatu, wa nne mama mwenyewe
ameibana milango kwa leso
kama anayemziba mtu mdomo asiseme.
Jericho, mlango wetu ukawa mwembamba.
Majirani wakatoka na ushauri. Ushauri ni bure.
Mmoja alitaka likatwe.
Mwingine alisema kuni zimepanda bei.

Ndipo akaitwa Fundi Muthiani wa Kariokor,
ambaye babake alichonga twiga hadi akafa,
na yeye akaapa hatachonga hata shingo.
Alitafuta kichwa cha msumari kwa ukucha.
Juu. Nyuma.
Akalala chali vumbini, akaingiza kichwa chini yake,
akakaa humo hata tukadhani amesinzia.
"Hakuna," akasema. "Hata mmoja.
Limeshikana lenyewe, ulimi kwa tundu."
Akaligonga mara tatu kwa kiganja
likaachana bila ugomvi,
kama wageni walioshiba.
Likaingia likiwa mbao kumi na nane,
likasimama tena kabati.
Hakutaka malipo. Alitaka kulinusa tena.

Bi. Fang aliweka humo hariri
na majoho ya marehemu mumewe.
Sisi tuliweka unga.
Unga, majani ya chai, sare za shule, risiti za stima,
na usiku mmoja wa masika, jikoni kumejaa maji,
kuku.
Juu yake redio, juu ya redio kitambaa,
juu ya kitambaa saa iliyosimama saa nne na robo.
Nilisomea mitihani nimeegemea ubavu wake,
na baridi ya Julai haikuujua ubavu huo.
Bamba la shaba lilipong'oka mlangoni
mama alifunga kwa waya kifuniko cha sufuria ndogo.
Kilitosha.
Sakafu yetu ilipobonyea pembeni,
mguu mmoja ulivalishwa karatasi ya unga
iliyokunjwa mara nane.

Na chini ya rafu ya mwisho lilikuwa na tumbo la pili.
Baba alizitafuta pesa za chama miaka saba,
akapekua godoro, makopo, hata Biblia,
kisha akachoka, akaketi,
mgongo wake juu yake.

Jumamosi iliyopita alikuja Bwana Onsongo,
mnunuzi wa vitu vya kale, viatu safi, tochi mkononi.
Alipiga magoti kabla ya kusalimia.
"Mnajua hiki ni nini?"
"Kabati," mama akasema, akichambua kunde.
Akataja wafalme. Akataja karne.
Akataja kiasi ambacho mimi nimekisikia
watu wakizungumzia mashamba tu.
"Na unga nitauweka wapi?"
Akacheka, akadhani ni mapatano, akaongeza.

Kisha vidole vyake vikateremka vyenyewe chini ya rafu
kama miguu inayojua njia ya nyumbani.
"Huku chini huwa kuna—"
Mama aliinuka, magoti yakilia,
akauweka mguu wake, na malapa yake,
kati ya vidole na ubao.
"Huwa kuna," akasema.

Alipokwenda zake nilitaka kuuliza.
Pesa za chama ziliisha baba alipozikwa,
mimi ndiye niliyezihesabu.
Mama alinitazama kidogo.
"Maji yamechemka," akasema.
Nikafungua. Mlango uliguna kwenye egemeo lake la mbao,
na nyuma ya harufu ya unga ikaja ile nyingine,
kama pilipili iliyonyeshewa zamani sana.
Nikachota vikombe viwili.
Nikafunga.